Ng'ombe wa Kuazima

Stanley alikuwa na kila kitu cha kumfanya bwana harusi wa video ya wimbo. Kimo alikuwa nacho, meno alikuwa nayo, na suti ya kijivu ilimkaa kama alizaliwa ameivaa. Jambo moja tu alilificha tangu watoke Migori asubuhi: kijana wa watu alikuwa anaogopa ng'ombe.

Siri hiyo ilifichuka Ijumaa ile saa kumi na moja na nusu jioni, mbele ya lango la boma la Mzee Gisiri, nje kidogo ya Kehancha. Ng'ombe sita walioazimwa kwa Maroa, jirani wa mzee, walikuwa njiani, wanatembea kwa utaratibu. Stanley aliwafuata na fimbo yake kwa madaha, kama kijana anayepeleka mahari. Spika ilikuwa inalia vizuri. Basi fahali mweupe akasimama, akageuka, akamtazama bwana harusi usoni na kumpumulia.

"Mayoo!"

Stanley alitupa fimbo, akaruka mtaro, akaipiga teke spika iliyokuwa juu ya stuli. Spika ikatumbukia kwenye hodhi la maji ya mifugo, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Yeye hakugeuka nyuma. Waliomwona mara ya mwisho walisema anaelekea barabara ya lami, suti na yote.

Bhoke, binti wa Mzee Gisiri, alikuwa langoni, amevaa kitenge cha bibi harusi alichokishona mwenyewe kwa wiki mbili. Aliona ng'ombe wanaanza kutawanyika kuelekea mahindi ya watu. Hakupata nafasi ya kufikiri. Alifanya alichokuwa akikifanya tangu utotoni ng'ombe wa kwao wakishtuka: aliimba. Wimbo ni uleule uliokatika, ila sasa bila ngoma wala kinanda, sauti yake peke yake.

*Njoo mchana, wakuone,*
*njoo mchana, nionekane.*

Ng'ombe wakasimama, masikio mbele.

"Liz, shika kamera! Usizime!" Osoro alimwambia msaidizi wake, kisha yeye mwenyewe akaikimbilia ile fimbo.

Osoro ndiye aliyekuwa mwenye video. Alikuwa na studio ndogo kule Suna, juu ya duka la mabati, na kwa miezi miwili alikuwa akimtazama Bhoke kupitia kioo cha kamera, ambako mtu anaweza kutazama anavyotaka bila kuulizwa. Sasa kioo hakikuwepo. Alikuja nyuma ya wale ng'ombe sita akiwa na shati lenye vumbi na suruali iliyokunjwa hadi magotini, akiwasukuma taratibu, macho yake yakiwa kwa msichana anayeimba. Bhoke naye akamtazama. Moyo ulimdunda hata akahofia sauti itatetemeka. Haikutetemeka. Mungu ni mwema, ilitoka tamu zaidi.

Walikuwa wamepatana na Mzee Gisiri kwamba ng'ombe waishie nje ya lango. Mzee alisema wazi: pigeni picha zenu njiani, ndani ya boma langu hamtaigiza kitu. Lakini ng'ombe hawakuwepo mapatano yakifanywa. Ndani, mifugo ya mzee ilikuwa imewekewa magadi ya jioni, na yule fahali mweupe aliyanusa. Akampita Bhoke kama hakumwona, akaingia. Watano wakamfuata. Osoro akawafuata watano.

Shangazi Weisiko, dada yake Mzee Gisiri, alikuwa ameagizwa kazi moja tu: ukiona ng'ombe wanafika, piga vigelegele. Alivipiga kama mtu aliyekuwa amevibana kifuani miaka mitano, tangu Bhoke afikishe umri wa kuolewa. Vikasikika mpaka mtoni.

Jirani wa kwanza alifika kabla Osoro hajapata pumzi.

*

Ili uelewe kwa nini Bhoke hakukimbilia ndani akajifungia, lazima ujue alichokuwa akikitafuta.

"Njoo Mchana" ulikuwa na mwaka mzima redioni. Watu wa Migori waliuimba wakifua, wakikata tumbaku, wakisubiri wateja sokoni. Mtangazaji alitaja tu jina lake la usanii, "Huyo ni Bibo," na watu wakaendelea na kazi zao. Sauti ilijulikana kila nyumba. Sura haikujulikana na mtu.

Miezi miwili iliyopita kulikuwa na tamasha Homa Bay, kando ya ziwa. Bhoke alijipamba, akafika langoni, akajitambulisha. Askari akacheka. "Dada, jaribu uongo mwingine. Bibo ameshaingia." Kupitia matundu ya uzio wa mabati Bhoke alimwona msichana mwenye wigi jekundu jukwaani, anafungua na kufunga mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa, na umati unamshangilia. Ilikuwa sauti yake Bhoke, mdomo wa mtu mwingine. Alilia njia yote ya kurudi.

"Na mimi ningejuaje?" Beverlyne, mama aliyeandaa tamasha, alimuuliza kwa simu, wala si kwa ubaya. "Wimbo hauna uso, mtu yeyote anaweza kuuvaa. Nakupa miezi miwili: niletee video kufikia Jumatatu ya mwisho. Watu wakishakuona ukiimba, hakuna atakayekunyang'anya. Usipoleta, kwenye sherehe ijayo nitamwita niliyemwona."

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa la nyumbani. Baba yake aliupenda wimbo ule kupita wote. Siku Bhoke alipojikaza akamwambia, "Tata, Bibo ni mimi," mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, Bibo ni wa Homa Bay. Watu wamemwona kwa macho. Wewe shona nguo. Ukitaka kuimba, kwanza ujifunze kwa yule."

Jumatatu yenyewe ilikuwa imebaki siku tatu. Na Osoro, mtoto wa Kisabato, hangegusa kamera tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame. Picha ya ng'ombe ndiyo ilikuwa ya mwisho; saa zilizobaki zilikuwa za kuhariri tu.

*

Mzee Gisiri alishuka kwenye bodaboda, akitoka sokoni, akakuta wanawake kumi na wawili wanacheza uani kwake.

"Nani amekufa?"

"Afe nani na sisi tunacheza?" Weisiko alimjibu, jasho likimtiririka. "Bhoke amepata bwana. Ng'ombe wameingia!"

Mzee alichungulia zizini. Ng'ombe sita wageni walikuwa wanalamba magadi yake bila haya.

"Ya nani hizi?"

Vidole vyote vikamwelekea Osoro.

"Wewe si mtu wa kamera?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Tulipatana nini?"

"Tuishie nje ya lango."

"Na ng'ombe iko wapi?"

"Ndani, mzee."

"Imeingiaje?"

Osoro alikuna kichwa. "Ilifuata magadi."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mzee Gisiri alimtafuta kwa macho mpaka kicheko kikafa.

"Sikiza, kijana. Huko kwenu Kisii sijui mnafanyaje. Hapa kwangu, ng'ombe ikipita lango hili ikifuatwa na mwanaume, msichana amevaa vile, shangazi amepiga vigelegele, huo si mchezo tena. Hiyo ni posa. Na ikitoka kwa lango hilohilo, kesho Kehancha yote itasema binti ya Gisiri amekataliwa. Sasa niambie. Ibaki ama itoke?"

"Ibaki wapi?" Maroa akadakia kutoka kwa umati. "Mimi nakamua kesho asubuhi!"

"Nyamaza, Maroa. Najua ni zako. Huyo mweupe nilikuuzia mimi."

Bhoke alimtazama Osoro. Osoro akaanza kupangusa vumbi la shati. Hapo ndipo hasira ilimpanda msichana, hasira ya mtu anayependa na hajui kama anapendwa.

"Tata, hakuna mtu ataniuliza mimi? Siwezi kuolewa kwa sababu fahali amenusa magadi!"

Wanawake wakaguna. Weisiko akashika kiuno.

"Sawa," mzee akasema. "Basi hakuna posa. Na hiyo picha mfute. Ikizunguka kwa simu za watu, hata nikikataa hapa, nani ataniamini? Futa yote."

Liz aliikumbatia kamera kama mtoto mchanga. "Mzee, tukifuta hii hatuna video. Jua ndio hilo linaenda."

"Video ni nini? Wimbo si uko redioni? Watu si wanausikia?"

"Wanausikia, Tata," Bhoke alisema, sauti ikimpanda, "lakini hawajui ni wa nani! Hata wewe!"

"Ni wa Bibo."

"Bibo ni mimi!"

"Bhoke. Tulimaliza hii maneno. Watu wamemwona."

"Basi na wewe uone."

Alichukua kamera mikononi mwa Liz, akamketisha baba yake kwenye stuli iliyobaki bila spika, akabonyeza. Mzee alitoa miwani mfukoni bila haraka, kama mtu anayekwenda kusoma barua asiyoiamini. Majirani wakajisogeza hadi Weisiko akalazimika kuwasukuma kwa makalio.

Kwenye kile kioo kidogo Stanley alipiga yowe, spika ikazama, wimbo ukakatika. Kisha, katika ule ukimya, sauti ikaanza tena. Bhoke wa kwenye kioo alikuwa langoni, macho amefumba nusu, mishipa ya shingo imesimama, anaimba.

Mzee Gisiri aliacha kupumua. Aliinua macho akamtazama bintiye, akayashusha, akayainua tena.

"Spika iko wapi?"

"Kwa maji, Tata. Bado iko huko."

"Kwa hivyo hii sauti..."

"Ni yangu."

"Rudisha."

Bhoke akarudisha. Mzee akatazama. "Rudisha tena." Mara ya tatu midomo yake mwenyewe ilikuwa inafuata maneno, maana aliyajua yote, alikuwa ameyaimba mwaka mzima akitundika tumbaku bandani. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, ingawa miwani haikuwa na kosa lolote.

"Nilikwambia ujifunze kwa Bibo," akasema polepole.

"Ulisema mara tatu."

"Na wewe ukaniacha niseme! Mbona hukunionyesha?"

"Nilikuwa nakwambia, Tata. Sikuwa na kitu cha kukuonyesha."

Mzee alimvuta mkono, akamkalisha karibu yake, akamshika kichwa kama alivyomshika alipokuwa darasa la kwanza. Bhoke alilia, na alifurahi kulia. Kuna machozi ambayo mtu hatamani yakauke upesi.

Wakati huo video ilikuwa inaendelea, na mzee bado alikuwa anaitazama kwa jicho moja.

"Na huyu?" akauliza ghafla, kidole juu ya kioo. "Huyu naye anaigiza?"

Bhoke akainama kutazama. Alimwona Osoro anakuja nyuma ya ng'ombe, fimbo begani, anamtazama yeye. Hakuwa ameuona uso ule hata siku moja. Siku zote ulikuwa nyuma ya kamera. Ulikuwa wazi kama uso wa mtoto anayeona mama yake akirudi sokoni, na mtu yeyote mwenye macho angejua.

Majirani wakageuka kumtazama Osoro. Hata Weisiko.

"Hapana, mzee," Osoro akajibu. "Siigizi."

Kisha akamgeukia Bhoke, na ikawa kama majirani wameyeyuka.

"Bhoke, hii video ingekuwa imeisha mwezi uliopita. Kila nikimaliza, nasema mwanga haukuwa mzuri, turudie. Mwanga ulikuwa sawa. Ni mimi sikutaka iishe."

"Osoro! Nimeshona nguo tano za kurudia!"

"Najua. Zote nilizipenda."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

Osoro akaangalia chini. "Mama. Aliapa hataki mkamwana anayeimba nyimbo za dunia. Nikawa naogopa."

"Manze, sasa utaogopa mara mbili," Liz akasema. "Jumatatu hii ikitoka, Suna yote itakuona unapeleka ng'ombe. Ama nikukate? Nitatumia mgongo wa Stanley, hakuna atakayejua."

Bhoke alishika pumzi. Hapo palikuwa na maisha yake yote mawili, wimbo na mtu, mkononi mwa kijana mmoja aliyechafuka vumbi.

"Usinikate," Osoro akasema. "Acha kama ilivyo."

"Basi mpigie mamako," Bhoke alimwambia. Furaha ilikuwa inambubujika, ila hakutaka kuionyesha yote kwa mara moja, mwanamke ana heshima yake. "Mpigie saa hii. Asikuone kwanza kwa simu ya jirani. Hakuna kitu kibaya kama kuambiwa habari zako na watu wa pembeni. Mimi najua."

Osoro akapiga. Sauti ya Mama Nyanchoka ilitoka kwenye simu bila kuhitaji kuongezwa.

"Jua linazama, uko wapi? Uji umeiva!"

"Mama, kuna video itatoka Jumatatu. Mimi niko ndani yake."

"Wewe? Si wewe ndiye hupiga?"

"Leo nimepigwa. Nafuata ng'ombe."

Mwiko wa uji ulisikika ukiwekwa chini.

"Ng'ombe za nani?"

"Za kuazima, Mama."

"Na msichana? Naye ni wa kuazima?"

"Huyo hapana," Osoro akasema. "Huyo nampenda."

Weisiko aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama akasema, "Mpe simu."

Bhoke aliipokea kama anapokea yai. "Habari ya jioni, Mama."

"Wewe ndiye wa hizo nyimbo za redioni?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ya kumwambia kijana asinyemelee usiku, aje mchana aonekane na wazazi?"

"Ndiyo, Mama. Ni hiyo."

Mama Nyanchoka akavuta pumzi. "Hiyo haina dhambi sana," akasema. "Jumapili njoo nyumbani nikuone. Bila kamera. Na huyo kijana mwambie Sabato inaingia, azime hiyo mashine."

Simu ikakatika. Osoro akaichukua kamera kwa Bhoke, akaizima, akafunga kifuniko. Vidole vyao vikagusana, na hakuna aliyeondoa chake upesi.

"Vizuri sana," Maroa akasema kwa huzuni. "Na ng'ombe zangu?"

Wote wakamgeukia Mzee Gisiri. Ng'ombe wasingeweza kubaki, na wasingeweza kupita langoni. Mzee alisimama, akajinyoosha, akaenda kuchukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye ukuta wa banda la tumbaku. Osoro alirudi nyuma hatua mbili.

Lakini mzee alimpita. Alikwenda hadi nyuma ya zizi, kwenye ua wa minyaa alioachiwa na baba yake, ua ambao hata mbuzi wa jirani hakuwahi kuupenya. Akaanza kuukata. Utomvu mweupe ulimrukia mikononi. Osoro alikimbia kumsaidia, akavuta matawi kando, na baada ya muda kukawa na upenyo wa kumtosha fahali.

"Zipite hapa," mzee akasema akihema. "Lango langu halijatoa ng'ombe. Mwenye macho ameona zimeingia, na hakuna atakayesema ameziona zikitoka. Maroa, wewe ni bubu mpaka kijana alete zake."

"Mimi? Bubu kabisa!"

"Na wewe," akamwambia Osoro, "usikawie. Huu ua hauzibiki peke yake."

"Sitakawia, mzee."

Fahali mweupe, aliyeanzisha mambo yote, hakutaka kuacha magadi. Walimsukuma, wakamvuta mkia, akagoma. Liz akaitoa kamera mkobani, akatazama magharibi, jua halikuwepo tena, akairudisha akisonya.

"Mwimbie," mzee akamwambia Bhoke.

Bhoke akaingia zizini na kitenge chake cha bibi harusi, akasimama kwenye samadi, akaanza. Fahali akainua kichwa. Akapiga hatua moja, nyingine, akaelekea kwenye upenyo. Osoro alikuwa amesimama pale, mkono kwenye ua, anaimba naye kwa sauti yake mbaya isiyojua aibu. Mzee Gisiri akashika kiitikio. Weisiko naye, Maroa naye, kisha majirani wote uani, watu ambao walikuwa wameujua wimbo ule mwaka mzima kila neno. Kwa mara ya kwanza, waliuimba wakimtazama yeye.